Namna ya Kununua Waridi Songea Bila Kulikata Shingo

Mtu akishauza mahindi yake Songea mwezi wa saba, fedha huwa na njia nyingi za kupita: mbolea ya msimu ujao, ada, bati, deni la dukani. Kinachobaki huishia kwenye kitenge. Mwongozo huu unaanzia hapo, kwa mtu aliyesimama sokoni au kwenye maduka ya Mfaranyaki, vitenge vimening'inizwa mbele yake kutoka darini hadi usawa wa magoti, na mwenye duka anamhimiza achague upesi kwa kuwa wateja ni wengi. Usichague upesi. Ndani ya yale maua mna sheria. Ukizijua utavaa ukapendeza. Usipozijua utampa fundi kitambaa, fundi atakipa mkasi, na Jumapili utaingia kanisani na waridi lililokatwa shingo kifuani, kichwa chake kimeshonewa kwapani.

Nasema waridi kwa sababu ndilo linalochinjwa zaidi. Lile waridi nono la kwenye vitenge, lenye petali zilizokunjana, majani matatu ubavuni na kivuli upande mmoja kana kwamba jua linalipiga, halikuota kwenye milima ya Matogoro. Namna ile ya kulichora ilikomazwa Ufaransa katika karne ya 19, na miji iliyolilea ni Mulhouse, Lyon na Rouen. Lilitufikia kwa kuzunguka sana. Safari hiyo ijue kabla hujafungua pochi.

Mjue mgeni wako

Wafaransa wenyewe walifundishwa maua na India. Katika karne ya 17 vitambaa vya pamba vya Kihindi, vimejaa maua, viliingia Ufaransa kwa meli, na watu wakavipenda hadi wafumaji wa sufu na hariri wakaona riziki yao inakwenda. Mwaka 1686 serikali ya mfalme ikapiga marufuku kuviingiza na kuviiga, na baadaye hata kuvivaa. Vilivyokamatwa vilichomwa moto. Marufuku ikadumu hadi 1759, na muda wote huo wanawake waliendelea kuvivaa, ndani ya nyumba zao ikiwa si barabarani. Kama una mume anayelalamika kwamba vitenge vimejaa sandukuni, mweleze kwa heshima zote kwamba wafalme wa Ufaransa walipambana na maua kwa miaka 73 wakashindwa, tena wao walikuwa na askari.

Mafundi wa Ulaya hawakushindwa kuchora. Walishindwa rangi. Kitambaa cha India kilifuliwa na ua likabaki, ilhali cha kwao kikifuliwa ua lilikwenda na maji. Siri ilikuwa dawa za kushikisha rangi. Mchapaji hakupaka wekundu juu ya pamba. Alichapa kwanza maji ya shabu mahali alipotaka pawe pekundu, na maji ya chuma mahali alipotaka pawe peusi, kisha akatumbukiza kitambaa kizima kwenye chungu kimoja cha mizizi ya mmea ambao Wafaransa huuita garance. Penye shabu pakatoka pekundu. Penye chuma kikali pakatoka peusi, penye chuma chepesi zambarau, na dawa hizo mbili zilipochanganywa ikatoka kahawia. Pasipo na dawa yoyote palifuliwa na kuanikwa juani mpaka pakarudi kuwa peupe. Chungu kimoja, mzizi mmoja, bustani nzima. Sijapata kusikia ufundi mwingine wa nguo unaonifurahisha kama huu, na kila ninapoona wekundu mzito wa kanga ya kisutu ninawafikiria wale mafundi wa India waliogundua kwamba rangi haina budi kuandaliwa makao kabla ya kukaribishwa.

Marufuku ilipoondolewa, Christophe-Philippe Oberkampf, kijana mzaliwa wa Ujerumani, alifungua kiwanda huko Jouy-en-Josas, karibu na Versailles, mwaka 1760. Mulhouse walikuwa wamemtangulia. Mji huo ulikuwa bado jamhuri, nje ya mkono wa mfalme, ukaanza kuchapa mwaka 1746 bila kuogopa mtu, na haukujiunga na Ufaransa hadi 1798. Kwanza walichapa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa, kibao kimoja kwa kila rangi, mchapaji akikiweka na kukigonga kwa mkono, hatua kwa hatua, kitambaa chote. Mwaka 1797 kiwanda cha Oberkampf kikaanza kutumia silinda ya shaba iliyochorwa maua kuizunguka, nayo ikawa inajiviringisha tu, ua likijirudia lenyewe. Mwaka 1834 Louis-Jérôme Perrot wa Rouen akatengeneza mashine ya kushusha vibao vya rangi kadhaa kwa mpigo, ikaitwa kwa jina lake, perrotine.

Hapo ndipo kitenge kinapoingia kwenye ukoo. Kiwanda cha Prévinaire mjini Haarlem, Uholanzi, kiliichukua mashine hiyo ya Rouen na kuigeuza ili ichape utomvu pande zote mbili za kitambaa, kwa nia ya kuiga batiki ya Java. Mashine wakaiita La Javanaise. Kilichozaliwa humo ndicho kitenge cha wax, ambacho soko lake kubwa lilipatikana Afrika Magharibi, kikapenya Kongo, na kwa Kongo kikapata sifa iliyotufikia hadi huku. Kwa hiyo ukiona mishipa ile myembamba inayokatiza juu ya petali, ile inayotokana na utomvu kupasuka, unaona Java, Uholanzi na Rouen vimekutana juu ya ua moja.

Kanga ilipita njia nyingine. Lile umbo la korosho kwenye pindo lilianza kama mmea. Wafumaji wa shali za Kashmir, katika karne ya 17, walifuma mche mmoja wenye mizizi, shina na maua machache. Vizazi vilivyofuata viliongeza maua mpaka mche ukawa shada, shada likapinda ncha yake, na mwishowe likabaki lile umbo la tone lililoinamisha kichwa, limejaa vijiua ndani. Baada ya vita vya Napoleon kule Misri, vilivyoanza 1798, shali hizo zikawa wazimu wa Paris. Mkewe Joséphine alikuwa nazo tele, na viwanda vya Lyon, Nîmes na Paris vikashughulika kuziiga. Umbo lile lile likaja pwani yetu kwa biashara ya India na kuketi kwenye kanga. Mkulima wa Tunduru akiliangalia anaona zao lake la biashara. Mama wa Paris mwaka 1805 aliliangalia akaona utajiri wa Joséphine.

Kuna jambo moja zaidi, na hili si la kucheka. Mwezi wa saba mwaka 1905, kule Umatumbi, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima kwa ajili ya Wajerumani, na vita vya Majimaji vikaanza, vikafika Ungoni. Nduna Songea Mbano alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na mji huu unaitwa kwa jina lake. Ujerumani ilitaka pamba ya makoloni ili viwanda vyake visitegemee pamba ya Marekani. Na katika miaka hiyo Mulhouse, mji wa maua, haukuwa wa Ufaransa. Ujerumani iliutwaa mwaka 1871 na kukaa nao hadi 1918. Bendera iliyopepea juu ya viwanda vya Mulhouse ndiyo iliyopepea juu ya boma la Songea. Basi kama ni mara yako ya kwanza kuja kununua kitambaa cha pamba hapa mjini, nenda Makumbusho ya Majimaji kwanza, usome majina yaliyoandikwa pale. Kisha nenda dukani. Utakishika kitambaa kwa namna nyingine.

Dukani

Omba kitandazwe chote. Kitenge kilichokunjwa kinaonyesha uso tu, na uso hudanganya. Mwenye duka atasita, kwa kuwa kukikunja upya ni kazi. Mwambie, "Samahani mama, naomba nikione chote, nitakusaidia kukunja." Halafu kweli umsaidie.

Kikishatandazwa, rudi nyuma hatua kadhaa na ufumbe macho nusu. Maua yatapotea na utabaki kuona mapigo: mistari ya kulala, mistari ya kusimama, madoa makubwa yanayopanda kwa mshazari. Hayo ndiyo watu wataona ukiwa upande wa pili wa barabara. Wachoraji wa Mulhouse walijua sana hatari hii. Ua zuri likijirudia vibaya hufanya mfereji mtupu katikati ya kitambaa, mfereji ambao mchoraji hakuukusudia lakini jicho haliuachi. Ukiuona mfereji huo dukani, usijiambie kwamba hautaonekana. Utaonekana, tena utakuwa umepita katikati ya tumbo lako.

Sasa sogea karibu utafute mrudio. Chagua ua lenye alama, labda jani lililojikunja au petali iliyochapwa vibaya kidogo, ufuate urefu wa kitambaa mpaka umkute pacha wake. Pima kwa shubiri. Mashine nyingi za leo hutumia silinda zenye mzunguko wa sentimita 64, kwa hiyo ua kubwa mara nyingi hurudi baada ya shubiri tatu hivi, au nusu yake. Hesabu hii itakuokoa. Yadi 6 ni kama mita 5 na nusu, yaani safu nane kamili za ua la sentimita 64 na kipande. Ukijua una safu nane hutakubali mtu akushauri gauni refu, blauzi ya binti na kilemba kutoka pisi moja, kisha mshangae kwa nini waridi la mgongoni halina kichwa.

Angalia pia kama maua yana mbingu. Kuna vitambaa ambavyo mashina yote yametazama upande mmoja. Hivyo vina juu na chini, na kila kipande cha nguo lazima kikatwe kikielekea upande huo huo. Kuna vingine ambavyo vishada vimetupwa huku na huku, kimoja kimesimama, kingine kimelala, cha tatu kimepinduka. Usidhani mchoraji alikuwa amelewa. Wachoraji wa Kifaransa wa vitambaa vya nguo za kike walitawanya vishada hivyo makusudi ili fundi ageuze vipande atakavyo bila kupoteza kitambaa. Kama unataka mshono wa vipande vingi, marinda, mikono ya kukunja na mkanda, nunua cha kutawanya. Kama unataka gauni la kunyooka, chukua chenye mashina na ununue zaidi kidogo.

Kinamama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wanaielewa sheria hii kuliko mtu yeyote Songea. Kitenge chao kikiwa na picha ya Bikira Maria, hakuna fundi wa kuthubutu kuikata au kuipindua, na hakuna mama wa kuikalia. Wanakitandaza, wanaipanga picha mgongoni au mbele, ndipo kinakatwa. Mimi ninaomba jambo dogo sana: waridi nalo lipewe robo ya heshima hiyo.

Kisha uwanja, yaani ile rangi iliyo nyuma ya maua. Kiwanda cha Jouy kilichapa kwa wingi maua madogo ya shambani juu ya uwanja mweusi au wa kahawia, na kikauza vitambaa hivyo kwa watu wa kawaida kwa nguo za kila siku, kwa sababu hata uchafu ukiingia hauonekani upesi. Mwanamke wa Songea anayepanda bodaboda mwezi wa kumi, vumbi likiwa halijapata mvua, ana haja ile ile. Uwanja mweupe wenye mawaridi makubwa, ambao unakuvutia sasa hivi nami naona unavyokuvutia, Wafaransa waliutundika madirishani na kuutandika vitandani. Ukiutaka, uvae siku ambayo gari linakuja kukuchukua mlangoni.

Mwisho, kigeuze. Kitenge cha wax kina uso pande mbili. Kilichochapwa upande mmoja huwa kimepauka nyuma. Cha upande mmoja si dhambi, na kwa bei yake kinafaa sana, ila lipia bei yake, si bei ya jina lililochapwa ukingoni. Lowesha kidogo kitambaa cheupe usugue pembeni. Rangi ikihamia kwenye kitambaa chako cheupe leo, itahamia kwenye shuka zako kesho.

Ua lenye kivuli na ua lililolala

Hapa nakaa kidogo, kwa kuwa ndipo watu wanapopotea na ndipo penye raha.

Katikati ya karne ya 19 wachoraji wa Ufaransa walitaka ua lionekane hai. Lyon ilikuwa na shule ya sanaa iliyofunguliwa 1807 ikiwa na darasa la maua kwa ajili ya viwanda vya hariri; wanafunzi walichora maua mabichi mpaka wakajua kila mshipa wa jani. Mulhouse alikuwepo Adolphe Braun, mchoraji wa vitambaa, ambaye katika miaka ya mwanzo ya 1850 alichukua kamera, chombo kipya wakati huo, akapiga picha za mashada ya maua, kama 300 hivi, ili wachoraji wenzake wawe na mifano ya kunakili hata wakati wa baridi, ambapo bustani za Ulaya hazina kitu. Aliziwasilisha kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1855. Baadaye alikuwa mpiga picha mashuhuri, lakini alianza kwa sababu viwanda vilikuwa na njaa ya mawaridi.

Matokeo yake yalikuwa vitambaa vya ajabu: waridi lenye umande, lina mwanga na kivuli, limeiva kiasi kwamba unataka kulinusa. Likiwa juu ya pazia linapendeza mno. Likiwa juu ya mtu anayetembea linaleta taabu. Kivuli cha ua kinasema jua liko kushoto, na jua la Songea liko kulia. Petali inajifanya imetokeza, na kiuno kilicho chini yake kimeingia ndani. Mwili na ua vinagombana. Mwishoni mwa karne hiyo wengine Ufaransa kwenyewe walilitambua hilo. Eugène Grasset alitoa kitabu chake kuhusu mimea na matumizi yake katika mapambo mwaka 1896, akifundisha kwamba ua la kwenye kitambaa lilazwe, lipewe mstari wa kulizunguka, lipunguzwe mpaka libaki umbo lake la kweli.

Kanga ilikuwa inafanya hivyo tayari, bila kumsubiri Grasset. Tazama ua la kanga nzuri: rangi mbili au tatu, mstari mnene, hakuna kivuli, hakuna umande, na linaonekana kutoka mwisho wa uwanja. Nimelifikiria sana suala hili na msimamo wangu ni mmoja. Kwa nguo ya kuvaa, chagua ua lililolala. Lenye kivuli lipeleke dirishani.

Kwa fundi

Nenda asubuhi, wakati mkono wa fundi haujachoka na baraza haijajaa wateja wenye harusi kesho. Salamu kwanza.

"Shikamoo fundi. Kabla hujakata, naomba tukitandike pamoja."

"Marahaba. Una harusi?"

"Hapana, nina waridi."

Atacheka, na akishacheka mtaelewana. Mwombe apige chaki katikati ya kifua chako kwenye kitambaa, halafu mwangalie ni nini kimeangukia hapo. Maua mawili ya mviringo yanayolingana, moja kila upande wa kifua, yatafanya watu wazungumze nawe bila kukutazama usoni. Vivyo hivyo nyuma, chini ya kiuno, ambako waridi moja kubwa kila upande hugeuka kichekesho kila unapopiga hatua. Peleka ua moja kubwa juu ya kifua, pembeni kidogo, na moja chini ya pindo. Katikati acha majani.

Penye zipu ya mgongoni ndipo ufundi unapojulikana. Ua likikatwa katikati, nusu mbili zinaweza kukutanishwa tena kwa usahihi kiasi cha zipu kutoweka, lakini kazi hiyo inakula kitambaa, maana kipande cha pili lazima kitafutwe kwenye mrudio unaofuata. Ongeza nusu yadi hadi yadi nzima. Mfuko nao ukilinganishwa na maua yaliyo chini yake hauonekani kabisa, na hakuna raha ya kimya kama kutoa simu kutoka mahali ambapo watu waliona ua tu.

Haya yote yanachukua muda, na fundi cherehani hulipwa kwa nguo, halipwi kwa saa. Ukitaka alinganishe maua, mlipe kulinganisha maua. Usimpe bei ya sketi ya shule halafu udai kazi ya Lyon.

Kamati ya sare

Kamati inapokaa kuchagua kitenge cha send-off, cha jubilei ya padre au cha kikundi cha kioda, kila mjumbe huja na picha kwenye simu, na kila picha ni ya mtu mmoja mwembamba aliyesimama studio. Nyinyi mtakuwa arobaini, wa kila umbo, mmesimama mstari chini ya jua. Katika mstari maua ya mtu mmoja huungana na ya jirani yake na kufanya kitambaa kimoja kirefu. Ua kubwa la nafasi nyingi hukatika ovyo kati ya bega na bega. Ua la wastani, lililojaa vizuri, lililolala, hupendeza kwa wote. Kikundi cha ngoma kinahitaji hivyo zaidi, kwa kuwa kinatikisika.

Nunueni chote kwa pamoja, kutoka mzigo mmoja. Wekundu wa mzigo wa mwezi wa sita na wekundu wa mzigo wa mwezi wa nane haufanani, hata kama mwenye duka anaapa kwamba ni ule ule. Waliochelewa kuchanga watajulikana ukumbini kwa rangi yao. Na kabla ya kuamua, toeni kipande nje mkakitazame kwenye jua, kisha mkirudishe ndani chini ya taa ya ukumbi. Zambarau nyingi za mchana huwa kahawia usiku. Mjumbe atakayesema hiyo ni kupoteza muda mpeni kazi ya vyakula.

Chora lako

Ukishajua kuyasoma maua ya watu, utaanza kuuliza mbona ya kwako hayapo. Swali zuri. Kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, kilichapa kanga na vitenge kwa miaka mingi, na kwa hiyo kuchora ua na kulichapa nchini ni kazi tunayoijua. Ua la tumbaku la Namtumbo lina rangi ya waridi hafifu na koo refu. Ua la kahawa la Mbinga ni nyota nyeupe zilizobanana kwenye tawi, tayari zimejipanga zenyewe. Ua la boga limefunguka pana, njano, na ncha tano. Alizeti haihitaji kutetewa. Na mwezi wa tisa, kabla ya mvua, miombo hutoa majani mapya mekundu ambayo mchoraji yeyote wa Mulhouse angetembea kwa miguu kuja kuyaona.

Njia wanayofundishwa wachoraji ni nyepesi, na mtoto wa darasa la tano anaiweza. Chukua karatasi ya mraba. Chora ua la boga katikati, usiguse kingo. Kata karatasi wima katikati ya ua, ndiyo, ulikate, hapa ndipo panaporuhusiwa, halafu ubadilishane vipande: cha kushoto kiende kulia, cha kulia kije kushoto, ubandike kwa gundi. Sasa katikati pana uwazi na nusu za ua ziko kingoni. Jaza uwazi huo kwa majani na ua la pili, dogo. Kisha kata karatasi kwa mlalo katikati, badilisha cha juu na cha chini, bandika, jaza tena. Ukimaliza, nakili mraba huo mara nne na uiweke pamoja. Kingo zote zitakutana na ua halitakuwa na mwanzo wala mwisho.

Rudi nyuma, fumba macho nusu, utafute mfereji. Ukiuona, ongeza kikonyo cha boga kinachojiviringisha kiuzibe. Halafu hamishia mchoro kwenye kipande cha sponji nene, uukate kwa wembe, upeleke kwa akina mama wanaopiga batiki na uwaombe wauchovye kwenye nta ya moto, waugonge juu ya pamba nyeupe, mita moja tu ya kujaribia. Anza na rangi moja. Uwanja uwe wa giza.